Mashimo matatu mlimani: mradi ulipofika mvua zilipoanza

Mvua zimeanza na mitaro yote imeshika. Ndiyo habari kubwa ya mradi wangu wa uwanja mdogo wa gofu kwa sasa, ingawa kila anayepanda kuja kutazama huuliza kwanza drapo, yaani bendera za mashimo, ziko wapi. Drapo zitakuja. Kwenye mteremko kama huu wa Kabare, juu kidogo ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, kazi ya kwanza ya uwanja wa gofu ni kuyapangia maji njia, maana mpira nao utashuka kwa njia hiyohiyo.

Shamba ni la familia, linatazama Ziwa Kivu, na limeinama sana. Nimelichora mashimo matatu mafupi, yaani njia tatu za kupigia mpira, kila moja na shimo lake mwishoni. Lililo refu zaidi halifiki mita 90. Fimbo tatu zinatosha: namba 7, ile ya kunyanyulia mpira, na ya kusukumia. Mchezo nilijifunzia Lubumbashi, nikiwabebea wachezaji mifuko yao. Kule nchi ni tambarare, unasimama tu na kupiga. Huku mguu mmoja uko juu, mwingine uko chini, na mpira umelala pembeni mahali ambapo usingemlaza hata mbuzi.

Mitaro tuliipima kwa miti miwili iliyofungwa kwa juu na kupanuliwa chini, na mti wa tatu umekatiza katikati. Kamba yenye jiwe inaning'inia kutoka kileleni. Kamba ikiangukia alama ya katikati, miguu yote miwili iko kwenye usawa mmoja. Unapiga kigingi, unageuza, unaendelea. Wakulima wa Kivu hutumia kifaa hiki kuzuia mmomonyoko, na hakihitaji betri. Mtaro unafuata usawa wa mlima, ila tumeuinamisha kidogo sana kuelekea bwawa. Udongo uliochimbwa tumeuweka upande wa juu, na juu yake matete. Yatakatwa kulisha mbuzi, na mizizi itabaki kushika udongo.

Jirani wa chini, mama mmoja mwenye maharage, alikuja siku ya pili ya kuchimba. Hakusalimia sana.

“Kijana, maji yako itapita wapi?”

“Itaenda mu bwawa, mama.”

“Na bwawa ikijaa?”

Swali hilo lilikuwa zuri kuliko yote niliyoulizwa na wanaojua gofu. Bwawa sasa lina mlango wa kumwagia maji uliojengwa kwa mawe, na mkondo wake unapita mpakani hadi kwenye kijito. Maharage yako salama, na mama ameanza kuniita kwa jina.

Sasa shimo la pili, ambalo ndilo uwanja wenyewe. Lile la kwanza ni la kunyoosha mabega tu. Unapiga kutoka juu, grini, yaani uwanja wa nyasi fupi wenye shimo, iko chini kama mita 70 mbele, na kati ya unaposimama na drapo kuna mshuko wa karibu mita 12. Bwawa la tilapia limekaa upande wa kushoto wa grini, limegusana nayo kabisa. Mteremko wote unaelekea huko. Anayetumia mkono wa kulia anakuta mpira uko juu ya nyayo zake, na mpira wa namna hiyo, hata ukiupiga vizuri, hukata kushoto. Kwa hiyo mlima unausukuma bwawani, na fimbo nayo inausukuma bwawani. Dawa ni kuelekeza mwili kulia, kwenye ukingo wa udongo ambako hakuna drapo wala kitu chochote cha kutamanisha, kushika fimbo chini kidogo kwa kuwa mpira umekaribia mikono, na kuuacha mlima ufanye iliyobaki. Wageni hawatapenda kulenga mahali pasipo drapo. Watalenga drapo, halafu watawapelekea tilapia zawadi.

Watu huniambia pia kuhusu hewa nyepesi ya huku juu. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na shamba liko juu zaidi. Ni kweli mpira huenda mbali zaidi hewa ikiwa nyepesi. Lakini kwa pigo fupi linalopanda juu na kuanguka, tofauti ni ndogo. Mshuko ndio unaodanganya. Mimi hupunguza takriban mita moja kwa kila mita ya kushuka, kisha napiga polepole.

Jambo linaloniumiza kichwa ni nyasi za ukingo wa bwawa: niziache ndefu au nizikate? Mfano unaojulikana ni shimo la 12 la Augusta, Marekani, lenye urefu wa yadi 155, kama mita 142, na kijito mbele ya grini. Mwaka 1992, siku ya mwisho ya mashindano ya Masters, mpira wa Fred Couples uliangukia ukingoni, ukaanza kurudi majini, ukasimama kwenye nyasi. Akaupigia hapo, akamaliza kwa mikwaju 3, na jioni akawa bingwa. Mwaka 2016 Jordan Spieth, akiwa anaongoza, alipeleka mipira miwili kwenye kijito hichohicho akatoka na mikwaju 7. Shimo hilo halikuhitaji urefu kuwanyima watu ushindi. Nimeamua kuziacha nyasi kiasi cha kidole, kwa sababu mbili. Kwanza, ukingo ulionyolewa hapa utateleza wote bwawani kabla ya Krismasi. Pili, napenda mchezaji abaki na nafasi ya kushukuru.

Vigingi vya kuonyesha mpaka wa bwawa ni vyekundu, maana kwenye gofu rangi ya kigingi ndiyo inayosema kanuni ipi inatumika. Vya njano vingemlazimisha aliyetumbukiza apande tena mlimani au arudi nyuma kwenye mstari wa drapo, na nyuma ni mwinuko mtupu. Vyekundu vinamwongezea ruhusa ya kuudondosha mpira pembeni, ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka ulipoingilia, bila kusogea karibu na shimo, kwa adhabu ya pigo moja. Tangu 2019 mpira hudondoshwa kutoka usawa wa goti. Kwenye mteremko wetu hubingirika nje ya eneo hilo la fimbo mbili mara ya kwanza, hubingirika mara ya pili, kisha kanuni inaruhusu uuweke kwa mkono pale ulipogusa ardhi mara ya pili. Tumejaribu. Karibu kila mara tunaishia kuuweka.

Mipira inayozama haipotei moja kwa moja. Bwawa hukaushwa wakati wa kuvua, na mipira itatolewa pamoja na samaki. Kaka yangu anadai nusu ya vyote viwili.

Shimo la tatu linapanda kurudi nyumbani. Hakuna maji, ni pumzi tu. Chagua fimbo ndefu kidogo na uinamishe mabega yafuate mlima. Mchanga wa mitego ya kunasa mpira sitaweka popote, mvua moja ya Novemba ingeupeleka wote ziwani.

Gazoni, yaani nyasi, ya grini tumeitoa kwa ndugu wa Muhumba, mtaa wa Bukavu, vipande kwa vipande, na imeshika vizuri upande wenye kivuli. Mashine ya kusukuma kwa mkono haiikati fupi sana, mpira unatembea polepole. Kwa mlima huu ni afadhali: grini ya kasi ingeuteremsha kila mpira hadi bwawani.

Kinachofuata ni kikatio cha shimo. Bomba la plastiki la milimita 110 limezidi kipimo, kwani shimo la gofu ni milimita 108 na kina kisichopungua 101.6. Fundi wa kuchomelea wa Kadutu, Bukavu, ameniahidi pete ya chuma yenye mshikio kama wa jembe. Amechukua malipo ya nusu, na amenitaka nimpelekee mpira mmoja aupime mwenyewe, kwa sababu haamini kwamba kitu kidogo hivyo kinahitaji shimo pana hivyo.