Kwa nini boksi la mzee wako chuo wanaweza kulikataa

Watu wengi wanadhani sehemu ya nyaraka ya chuo kikuu ni stoo kubwa tu, yaani unabeba karatasi za zamani za mzee wako unapeleka na wanazipokea kwa mikono miwili kwa sababu ni za zamani. Wapi! Jamaa yangu anafanya kazi ya kupokea nyaraka kwenye chuo kimoja hapa nchini na ananiambia umri wa karatasi wala haumsumbui sana, anachouliza kwanza ni inahusu eneo gani, nani aliiandika na kwa kazi gani, na je kuna mwalimu au mwanafunzi wa hapa atakayeifungua. Ikiwa haihusiani na wanachofundisha, hata iwe nzuri vipi, anakuelekeza kwingine.

Chukua Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Maktaba ya UDSM ina ile sehemu inaitwa East Africana, na jina lenyewe limeshachora mpaka. Upande wa vitabu hawahangaiki sana kwa sababu maktaba ile kisheria inapelekewa nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini. Kazi iko kwenye vitu ambavyo havikuchapishwa. Hapo nako si kila kitu ni chao, maana mafaili ya wizara na ya ofisi za serikali kwa Sheria Na. 3 ya 2002 yanasimamiwa na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, hata kama wewe umeyaokota kwa muuza karanga.

Halafu kuna suala la nakala. Ukileta rundo la magazeti ya serikali ya miaka ya 80 watakushukuru na utarudi nalo nyumbani, yapo tele, na magazeti yanakula nafasi balaa na karatasi yake inabomoka. Lakini ukitokea na toleo la Kwetu, gazeti la Erica Fiah lililoanza 1937, gazeti lililomilikiwa na Mwafrika enzi za Mwingereza, hapo utaletewa kiti na chai. Mambo Leo la 1923 lilikuwa la serikali, liko kwenye maktaba nyingi zaidi. Kwa hiyo uadimu una uzito, ila si uadimu peke yake, ni uadimu pamoja na sauti ya nani.

Sasa mimi ndo hapa napotofautiana kidogo na hawa ndugu zetu wa nyaraka. Wanaongea kama vile wao ndio wanaochagua, wana sera imeandikwa vizuri, kamati inakaa. Sawa. Lakini unachagua kutoka kwenye nini? Kutoka kwenye vilivyofika mlangoni! Na wanaofika mlangoni ni watu wa aina fulani. Pale East Africana kuna karatasi za Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, ameandika mila na sheria za Wasukuma, za Wahaya, kibao. Ni hazina na wanafunzi wanazitumia mpaka leo. Lakini mzee wa Kisukuma aliyekaa akamjibu maswali yake hakuwa na makabrasha wala mtu wa kumpigia taipu, hivyo yumo ndani ya karatasi za mwingine.

Ndo maana mimi naupenda sana ule mradi wa utafiti wa vita vya Maji Maji wa Idara ya Historia ya hapo hapo Mlimani, 1968, enzi za wanahistoria kina Gwassa na Iliffe. Hawakusubiri mlangoni. Wanafunzi walitumwa Umatumbi, Songea, Mahenge na kwingineko kuwauliza wazee, wengine walikuwa vijana au watoto vita ilipoanza 1905, wakasimulia habari za Kinjikitile kule Ngarambe, za dawa ya maji, za mashamba ya pamba ya kulazimishwa chini ya majumbe na maakida, wale wasimamizi waliotumiwa na Mjerumani. Mafaili ya Mjerumani yana upande wake, ila bila ile kazi upande wa wapigwa viboko tungekuwa tunaukisia tu leo. Na fikiria, wangechelewa miaka 15 wangemhoji nani?

Vilevile msomi wa Kiswahili J.W.T. Allen, aliyekusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu na kanda za sauti kwa ajili ya chuo, orodha yake ikatoka 1970. Tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu ziko kwenye masanduku ya watu huko mwambao na familia nyingine haziachii miswada yenyewe ng'o, na wana haki. Mtu wa nyaraka mwenye akili hapo anaomba apige picha, sanduku linabaki kwa mwenyewe.

Kwa hiyo nikiulizwa leo wafuate nini ningesema vitabu vya hesabu vya vyama vya ushirika vya msingi, maana serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika 1976 na makatibu wa enzi zile sasa ni wazee sana au wameshatangulia. Daftari za vikoba. Kadi za mazoezi na barua za timu za mtaani. Jamaa yangu anasema nafasi haipo, mchwa wapo, mtu wa kuorodhesha ni mmoja, na boksi lisiloorodheshwa halina tofauti na lililochomwa moto. Hapo sina cha kumjibu kwa kweli.

Wewe mwenye boksi sasa: usilipange upya kwa akili yako, acha mafaili yalivyokaa maana mpangilio wa mwenyewe nao unasema kitu. Picha andika majina nyuma kwa penseli, si kalamu. Usiipige laminesheni jamani. Soma ile fomu ya makabidhiano kabla ya kusaini, ujue unatoa karatasi tu au na haki ya kuzichapisha, na kama ndani kuna barua za watu walio hai sema mapema, mnaweza kukubaliana zifungwe miaka kadhaa kwanza.