Jicho jekundu lisilo na tongotongo

Ushauri unaoniudhi kuliko wote ni ule wa "hayo macho mekundu tu, tia matone ya kuua bakteria yatapoa." Mimi niliambiwa hivyo na watu wazima wenye nia njema, na aliyeniuzia dawa naye akakubaliana nao. Matone yale hayakufanya lolote. Jicho liliendelea kuuma kwa ndani, maumivu yakipanda hadi kwenye paji la uso, na kila nilichosoma kilikuwa kama kiko nyuma ya moshi.

Nina ugonjwa wa viungo unaoshika uti wa mgongo, mmoja wa yale magonjwa ambayo kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe. Asubuhi mgongo hukakamaa, nikishatembeatembea hulegea. Daktari wa macho aliponichunguza kwa ile darubini ya kuwekea kidevu, aliona chembe nyeupe za damu zikielea ndani ya jicho, mahali panapotakiwa kuwa na maji maangavu. Akaniuliza, "Mgongo unakusumbua alfajiri?" Nikashangaa amejuaje. Akanieleza kwamba hii ni uveitisi ya mbele, yaani uvimbe wa irisi, ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni, na kwamba jicho na mgongo wangu vinaugua ugonjwa mmoja. Kipimo cha damu kilionyesha nina HLA-B27, alama ya kurithi ambayo hukutwa kwa wengi wenye hali zote mbili.

Tangu hapo najua kulitambua. Macho mekundu ya kuambukizana huwasha, hutoa tongotongo, na mara nyingi hushika macho yote mawili. Langu huwa moja tu, safari hii la kulia, safari nyingine la kushoto. Halitoi tongotongo, bali machozi tu. Wekundu hukolea kuzunguka ile duara ya katikati, na mwanga huwa adui.

Kuna jaribio moja ninalolipenda sana, na nimewafundisha wote nyumbani. Nafumba jicho bovu na kulifunika kwa kiganja hadi mwanga usipenye kabisa, kisha namulika tochi ya simu kidogo tu kwenye jicho zima. Lile lililofunikwa likiuma, najua kazi imeanza. Sababu yake ni kwamba mboni mbili hubana kwa pamoja hata mwanga ukiingia upande mmoja tu, na irisi iliyovimba ikilazimika kujikaza inauma. Mara ya kwanza nilipolifanya nilikuwa na mashaka kama ni vumbi limeniingia, maana wekundu ulikuwa haba. Nikamulika jicho zima, na lile la gizani likachoma kweli kweli. Nilienda kliniki siku ileile, na daktari akakuta chembe chache, uvimbe ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Shambulio lile lilikuwa jepesi kuliko yote. Lakini tochi isipouma usijitangazie uzima. Jicho la mtu mwenye ugonjwa wa viungo likiwa jekundu na linaogopa mwanga, liangaliwe na daktari wa macho siku hiyohiyo au kesho yake.

Dawa ni za aina mbili. Ya kwanza ni matone ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe. Mimi hupewa prednisoloni, mwanzoni kila saa ninapokuwa macho, halafu tunapunguza polepole kwa wiki kadhaa. Chupa lazima itikiswe vizuri, kwa sababu dawa yenyewe hutuama chini. Ya pili hupanua mboni na kuipumzisha irisi, ili isigandamane na lenzi iliyo nyuma yake. Hiyo hufanya kuona karibu kuwe kwa shida, basi kazi za kusoma naziweka kando.

Shida yangu kubwa ilikuwa kuyatia matone hayo. Maelekezo yote husema inamisha kichwa nyuma. Shingo yangu hainami nyuma! Nilijaribu kuegemea ukuta, tone likaangukia shavuni. Nikajaribu kioo, vidole vilivyokakamaa vikaibana chupa kupita kiasi na dawa ikamwagika. Mwishowe nilipata njia: nalala chali bila mto, nafumba jicho, nadondosha tone kwenye kona ya ndani karibu na pua, kisha nalifumbua taratibu. Tone linaingia lenyewe. Baadaye nabonyeza ile kona kwa kidole dakika moja au mbili ili dawa isiteremkie kooni, na nasubiri kama dakika 5 kabla ya tone la pili. Mwenye viungo vibaya asikubali kuambiwa hajui kutia dawa.

Wekundu ukiisha, hapo ndipo huja ushauri mwingine mbaya. Shangazi yangu aliniambia, "Mwanangu, jicho limepona, steroidi zitakuharibu, ziache." Nilimjibu kwa heshima kwamba nitaacha daktari akisema. Kukatisha ghafla hurudisha uvimbe. Hofu yake ina msingi lakini, kwa kuwa steroidi zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Ndiyo maana kila ninapotumia matone napimwa presha hiyo, na sinunui chupa kiholela.

Matone si ghali sana. Kinachouma mfuko ni sindano. Mashambulizi yalipozidi, daktari wa viungo na wa macho walizungumza, wakanianzishia adalimumabu, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, sindano ya kila wiki mbili. Niliuliza kwa nini si etanasepti, iliyomsaidia mgonjwa mwenzangu viungo vyake. Wakasema hiyo hufaa viungo lakini kwa jicho nguvu yake ni ndogo. Kwa hiyo daktari wako wa viungo lazima ajue habari za jicho lako kabla hajachagua dawa.

Wazazi wa watoto wenye ugonjwa wa viungo, nawasihi kwa dhati: kwa mtoto uveitisi inaweza kuwa kimya kabisa, jicho jeupe, hakuna maumivu, huku uoni ukipotea. Msisubiri wekundu. Mpelekeni akachunguzwe kwa darubini kwa ratiba ya daktari, na kwa walio kwenye hatari kubwa huwa ni kila miezi 3, hata kama anacheza na kucheka.