Mgeni wa mafua Gombe

Wana Kigoma, leo kwenye hifadhi ya sokwe ya Gombe nimeona kitu.

Tumetoka Kibirizi na boti asubuhi, ziwa limetulia. Kwenye boti kuna kaka mmoja anapenga kamasi njia nzima, tukadhani ni upepo tu. Kufika, muongozaji akamwangalia kidogo akamwambia "kaka wewe utabaki ufukweni, kwa sokwe huendi".

Jamaa akawaka! Nimelipa, nimetoka mbali, nivalisheni barakoa mbili basi. Muongozaji wala hakupandisha sauti, akamwambia mafua yako wewe ni ya siku tatu, kwa sokwe ni msiba. Na kweli bana, sokwe anashika magonjwa yetu, 1966 polio iliwapitia hapohapo Gombe, wengine wakafa wengine wakapooza.

Sisi tukapanda mlima na barakoa zetu. Akapita mama sokwe na mtoto mgongoni, mtoto akageuka akatukodolea macho, mkono umeng'ang'ania manyoya ya mama yake, vidole na kucha kabisa kama vya binadamu. Muongozaji anatupungia turudi nyuma, turudi nyuma, na watu simu juu wanasogea tu 🤦🏾

Hapo bado reli ya SGR ya Tabora kuja huku haijaisha. Ikifika wageni watakuwa wengi, hela tunaitaka jamani sikatai, ila Gombe ni kahifadhi kadogo sana.

Mimi nasema wapimwe Kibirizi kabla hata ya kupanda boti. Nyie wenye boti na wa gesti mnasemaje, na jamaa arudishiwe hela yake au?