Nilivyojifunza kutazama ndege kwenye bustani yenye watu wengi

Wapenzi wengi wa ndege hukimbilia misitu na mabwawa ya mbali. Mimi muda wangu mchache na bustani ya umma iko karibu, basi nikaamua kujifunza humo humo, katikati ya wakimbiaji, watoto na mbwa.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kukaa. Nilichagua benchi pale miti inapokutana na maji, maana mpakani hapo chakula ni cha aina nyingi, na nikawa narudi palepale. Ukitulia dakika kumi hivi, ndege waliokukimbia ulipofika huanza tena shughuli zao. Jua liwe mgongoni mwako, la sivyo kila ndege ataonekana mweusi. Saa nzuri ni mara tu baada ya kupambazuka: ndege wamelala na njaa usiku kucha, na watu bado hawajajaa.

Watu wenyewe si kikwazo kikubwa kama nilivyodhani. Ndege wa bustanini wamezoea wapita njia. Wanayemhofia ni yule anayesimama ghafla akawakazia macho, au anayeiacha njia na kuwaendea moja kwa moja. Nikitaka kusogea karibu, naenda mshazari, polepole, kama mtu mwenye safari zake.

Darubini yangu ni ya 8x42, yaani hukuza mara 8, na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 42. Kuna wanaosifu za kukuza mara 12. Mimi sizitaki: mtetemo wa mikono nao hukuzwa, na eneo unaloliona hupungua. Kabla ya yote irekebishe ilingane na macho yako. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione vizuri. Kisha funga la kushoto, na safari hii zungusha pete ya kwenye kioo cha jicho la kulia (ndipo ilipo kwenye darubini nyingi). Hiyo pete usiiguse tena. Ukimwona ndege, usiinamishe macho kuitafuta darubini. Mkodolee yeye, kisha inyanyue darubini ije machoni. Nilifanya mazoezi kwa matawi makavu kwanza, kwa sababu tawi haliruki.

Sauti nazo ni nusu ya kazi. Natumia Merlin, programu ya simu ya bure kutoka Cornell Lab of Ornithology (kituo cha utafiti wa ndege cha Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani). Tangu 2021 programu hiyo husikiliza sauti na kutaja ndege. Lakini jina inalotoa ni dokezo tu. Daftarini naandika baada ya kumwona mwenyewe. Ndege wadogo wakipiga kelele kwa pamoja na kulizunguka tawi moja, tazama hapo kwa makini, huenda kuna bundi, nyoka au paka. Mdiria naye akiruka usimfuate, subiri. Mara nyingi hurudi kwenye tawi lilelile.

Kuna mambo siyafanyi. Sipigi sauti zilizorekodiwa ili kumwita ndege, kwani hudhani mpinzani ameingia eneo lake, akaacha kula au kulisha makinda. Sisimami karibu na kiota. Kunguru wana macho, nao huweza kujua mtu anatazama nini, wakaja kula mayai au makinda. Mkate pia siwatupii bata: huwashibisha bila kuwalisha, na unaobaki huozea majini.

Na kwa kuwa bustani ni ya wote, darubini naielekeza mitini na majini, kamwe si kwa watoto wanaocheza wala madirisha ya jirani, maana maswali huanza upesi. Mtu akiniuliza natazama nini, namwazima aone. Mtunza bustani mmoja niliyemwazima ndiye aliyenionyesha mti mkavu wenye tundu la kigong'ota, mti niliokuwa nikiupita kila mara.