Kifaa changu hakibashiri

Watu wakisikia nina kifaa cha kushtua moyo kifuani, huuliza: kinakuonya mapema? Hapana, jamani. Kinahesabu mapigo tu. Yakienda kasi kupita kiasi, mara nyingi hujaribu kwanza kuyatuliza kwa vipigo vidogo vya umeme, ambavyo mimi sivihisi. Vikishindwa, ndipo kinapiga shoti. Hiyo utaihisi! Ni teke la punda.

Kubashiri ndiko kugumu. Kipimo kikuu cha kuamua nani awekewe kifaa bado ni nguvu ya moyo kusukuma damu, yaani sehemu ya damu iliyomo inayotoka kwa kila pigo ikiwa asilimia 35 kushuka chini, na wengi waliowekewa hawapigwi shoti kamwe. Siku hizi watafiti wanafundisha kompyuta kusoma kumbukumbu za vifaa hivi ili zibashiri. Mimi dakika chache za onyo zingenitosha, niegeshe gari.