CD4 peke yake haitoshi jamani

Wadau, huku Mbeya CD4, zile seli za kinga zinazohesabiwa kwa wenye VVU, kila mtu anazijua, hata kwenye daladala ya Uyole utasikia mtu anasema zimepanda au zimeshuka, ila ukiuliza zinahesabiwaje wengi wanajua mashine inaangalia tu damu basi. Mashine haijui kitu, kazi yote inafanywa na kingamwili, yaani protini za kinga zinazoshika kitu maalum.

Iko hivi, seli T na seli B, aina mbili za seli nyeupe za kinga, ukiziweka kwenye darubini zinafanana, macho hayakusaidii. Tofauti iko kwenye protini za juu ya seli, kwa hiyo unatafuta kingamwili inayoshika protini hiyo tu. Wanasayansi Köhler na Milstein kule Cambridge mwaka 1975 ndo walituokoa, walichukua seli B ya panya wakaiunganisha na seli ya saratani isiyokufa, ikawa inatoa kingamwili ileile miaka nenda rudi. Nobel ya 1984 walistahili kabisa. Baadaye kila maabara ikawa na kingamwili zake na majina yake, vurugu tupu, mpaka walipokutana Paris 1982 ndo wakaanza kuzipanga kwa namba za CD, kila namba ikisimama kwa protini fulani ya juu ya seli, na CD4 ni mojawapo.

Kazini naweka damu kwenye tyubu, natia kingamwili zenye rangi ya kung'aa, nafunika gizani kama dakika 20 maana mwanga unaua rangi, halafu namimina dawa ya kupasua seli nyekundu na hapo ndo napapenda, damu nzito inabadilika inakuwa angavu kama juisi ya rozela. Mashine inazipitisha seli mojamoja mbele ya leza.

Sasa vijana wanaokuja kujifunza wanapenda kuweka CD4 peke yake, ikiwaka tu wanasema hiyo T saidizi, seli T inayosaidia seli nyingine za kinga. Hapana jamani! Monosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe, nazo zina CD4, hafifu lakini ipo, na baadhi ya seli NK (seli za asili za kuua) zina CD8, ambayo ni alama ya seli T za kuua. Anza na CD3 ujue ni T kweli, ndo uende CD4 au CD8, weka CD14 uzione monosaiti, CD19 kwa B, CD56 kwa NK. Tena monosaiti zina tabia ya kudaka kingamwili yoyote kwa mkia wake, kwa hiyo ziba kwanza huo mdomo wao, na usikose tyubu moja isiyo na rangi kabisa ya kulinganishia, hata kama sampuli ni chache na bosi anataka majibu saa hiyohiyo.