Filamu Niliyomsimulia Mama

Siku mama alipohamishiwa wodi ya kawaida kutoka chumba cha wagonjwa mahututi, hakuniuliza habari za kidonda wala za fedha. Aliuliza jana jioni nilikuwa wapi. Muuguzi alikuwa amemwambia kwamba mwanawe kaondoka mapema.

"Nilikwenda sinema, mama."

Nilidhani atanigombeza. Alinitazama kwa muda, mkono wenye sindano umelala juu ya shuka, kisha akasema, "Haya, nisimulie."

Ilikuwa Machi 2002, mjini Chennai, kusini mwa India. Tulitoka Tanga kwa sababu ya vali ya moyo wake. Siku hizo upasuaji wa kufungua moyo ulikuwa haujaanza Muhimbili, kwa hiyo mgonjwa wa aina ile alipelekwa India au alibaki nyumbani kungoja siku zake. Ndugu walichanga, nusu ya shamba la minazi likauzwa, na mimi, kifungua mimba wake, nikapewa kazi ya kumsindikiza. Tulipanga chumba kwenye loji jirani na barabara ya Greams, mtaa ambao kila mlango wa pili ni duka la dawa na kila mgeni ana bahasha ya eksirei kwapani.

Nilifika nikijiona mwenyeji. Nimekulia kwenye filamu za Kihindi, nyimbo zake nazijua, na maneno ya kuombea maji na kuulizia bei ninayo. Siku ya kwanza nikamwanzia dereva wa bajaji kwa Kihindi changu. Akanitazama tu. Wa pili naye vivyo hivyo. Chennai ni mji wa Watamili, na Kitamili hakina undugu na Kihindi. Kina maandishi yake ya duaraduara, kina mashairi ya miaka 2000 iliyopita, na mwaka 1965 walikuwepo watu waliojichoma moto kupinga Kihindi kufanywa lugha rasmi ya nchi nzima. Kwetu wote hao ni Wahindi na wanachosema ni Kihindi, basi. Ilinibidi nianze upya kama mtoto wa chekechea.

Neno moja liliniingia bila kufundishwa: amma. Mama. Wauguzi walimwita mama yangu hivyo walipokuja kumpima presha. Na usiku, nikiwa kwenye benchi la korido, nililisikia likitoka vyumbani, wagonjwa wanapozinduka kwenye dawa ya usingizi. Amma. Mzee wa miaka 70 analia amma, na mama yake pengine alikwisha kuzikwa miaka 30 iliyopita.

Kijana wa mapokezi pale loji ndiye aliyeniona jinsi ninavyopanda na kushuka ngazi usiku. Mama alikuwa na siku ya tano tangu afanyiwe upasuaji, daktari amesema anaendelea vizuri, na mimi bado nashindwa kulala. Akaniambia kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba zamu yake inakwisha jioni na anakwenda kutazama padam, yaani filamu. Alikuwa ameshaitazama mara mbili. Nikamwambia sitaelewa kitu. Akachukua kipande cha risiti, akaandika nyuma yake jina la mwongozaji kwa herufi kubwa: MANI RATNAM. Chini yake akaorodhesha filamu nyingine za mtu huyo. Ya pili kwenye orodha ilikuwa Bombay.

Nikaishika ile karatasi nisiiachie.

Bombay naijua. Tuliitazama kwenye mkanda mwaka 1997, sebuleni kwa jirani yetu Ngamiani, watu wamejaa mpaka barazani. Ni habari ya kijana wa Kihindu na binti wa Kiislamu waliooana, halafu ghasia za Wahindu na Waislamu mjini Bombay za mwaka 1992 na 1993 zikawakuta wakiwa na watoto pacha. Tulikuwa tumetazama filamu nyingi za mapenzi, lakini ile haikuwa ya kuimba na kusahau. Pale wale pacha wanapomwagiwa petroli na kuulizwa dini yao, mama aliinuka akatoka nje. Alirudi baada ya kitambo, akasimama mlangoni, hakutazama skrini. Akauliza, "Wamepona?" Alipoambiwa wamepona ndipo akakaa.

Miaka yote hiyo nilidhani ni filamu ya Kihindi. Kumbe nilichotazama ni tafsiri ya sauti tu. Imetengenezwa kwa Kitamili, na aliyeitengeneza ni huyu. Kijana akaniambia pia kwamba mwaka 1995, baada ya filamu hiyo kutoka, watu walirusha mabomu nyumbani kwake hapo hapo Chennai, akaumia, na baadaye akarudi kazini. Nikavaa viatu.

Sinema ilikuwa Anna Salai, barabara kuu ya mji. Kilichonipokea ndani ni harufu ya asumini. Wanawake wa kule huzitunga kwenye nyuzi wakazivaa nyweleni hata siku ya kazi, na gizani ukumbi ule ulinukia kama ukumbi wa harusi Chumbageni. Jina la mwongozaji lilipojitokeza, vijana wa viti vya mbele walipiga miluzi. Nimezoea miluzi ya kumpigia nyota. Ya kumpigia mtu ambaye sura yake haitaonekana hata mara moja, hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Filamu ilikuwa Kannathil Muthamittal, iliyotoka Februari 14 mwaka ule. Jina limetolewa kwenye shairi la Subramania Bharati analomwimbia mtoto, na maana yake ni "ukipigwa busu shavuni".

Nami kesho yake, kwenye kiti cha chuma karibu na kitanda, nikawa kama wale wasimulizi wa vibanda vya video, tofauti ni kwamba nilisimulia kwa kunong'ona. Nikaanza na harusi. Kaskazini mwa Sri Lanka, kijiji kinaitwa Mankulam, binti Shyama anaozwa. Mume anaingia msituni kupigana. Vita inafika, watu wanakimbilia kwenye boti kuvuka kwenda India, upande wa Rameswaram, na yeye ana mimba.

"Mbali?" mama akauliza.

"Pale bahari ilipo nyembamba, kama kilomita 30."

"Haifiki hata Muheza."

Nikaendelea. Binti anajifungulia kambini, mtoto wa kike. Kisha anamwacha na kurudi kumtafuta mumewe. Mama hakusema kitu hapo, ila alifumba macho, nikadhani kachoka. "Endelea," akasema.

Kuna mwandishi wa hadithi, anaitwa Thiru. Anamwona mtoto yule kambini, anataka amchukue amlee. Anaambiwa asiye na mke hapewi mtoto. Basi anamwendea Indira, anamwomba waoane. Sehemu hii sikuielewa ukumbini, kijana wa mapokezi ndiye aliyenifafanulia tukirudi kwa miguu.

Mama akafumbua macho. "Kwa hiyo mtoto ndiye aliyewaozesha wazazi wake."

Nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya filamu ile tangu siku hiyo, na sijakuta mahali ilipoelezwa vizuri kuliko hivyo.

Mtoto anaitwa Amudha. Siku anapotimiza miaka 9 wazazi wanaamua kumwambia ukweli. Hapa nilishindwa kumsimulia mama kama nilivyoona, maana kilichonishika hakikuwa maneno. Katika filamu tulizokulia nazo, habari kama hiyo huja na radi, na uso wa mtu hurudiwa mara tatu. Mani Ratnam aliipitisha kwa maneno machache, akatuachia uso wa mtoto. Unamwona anaanza kuwatazama watu wa nyumbani kwake kama wageni. Mimi ambaye sikujua lugha sikuhitaji mkalimani.

Kisha anadai kumwona aliyemzaa, na wazazi wanafunga safari naye kwenda huko huko kwenye vita. Vita yenyewe, mama, huioneshwi kwa ramani wala kwa hotuba za wakubwa. Unaiona kwa sababu mtoto mmoja anamtaka mama yake. Ndivyo alivyofanya pia katika Roja, mwaka 1992, ambapo mgogoro wa Kashmir unaingia kupitia mke wa kijijini anayemtafuta mumewe aliyetekwa. Habari za taifa zima anazipitishia mlango wa jikoni.

Wanakutana mvuani. Mtoto ana maswali yake, na Shyama hana majibu ya kumtosha. Ukumbi mzima ulikuwa kimya, hata vijana wa miluzi. Pembeni yangu mzee mmoja alijifuta macho kwa pindo la shuka yake nyeupe. Wanawake wawili wamesimama, mtoto ni mmoja, na neno linalogombaniwa ni lile lile nililolisikia usiku kwenye korido. Amma. Lugha nzima ilikuwa imenipita, lakini neno lile peke yake lilinitosha.

"Mtoto akaondoka na nani?" mama akauliza.

"Na aliyemlea. Shyama alirudi vitani. Alisema siku amani ikija, ndipo waje tena."

Muuguzi aliingia kubadilisha dripu, akatoka. Mama alikuwa anatazama feni la dari. Nilitegemea atasema jambo juu ya Indira, maana yeye mwenyewe alilelewa na mama yake mkubwa Pangani, na sikuwa nimewahi kumsikia akimtaja mwanamke mwingine kwa jina la mama. Hakusema habari hiyo.

"Yule aliyerudi," akasema, "usiku ule alilala wapi?"

Sikuwa na jibu. Filamu haioneshi.

"Na vita imekwisha?"

Hapo niliweza kujibu. Magazeti ya Chennai yalikuwa yamejaa habari hizo: Februari 22, siku 8 tu baada ya filamu kutoka, serikali ya Sri Lanka na Tamil Tigers, wapiganaji wa Kitamili wa msituni, walitia saini kusimamisha mapigano. Ukumbini watu walikuwa wanatazama filamu ile wakijua jambo hilo, na wengine bila shaka wana ndugu ng'ambo ya mlango wa bahari. Nikamwambia wametia saini.

"Basi atakuja," mama akasema, akalala.

Tangu siku hiyo nimemtafuta Mani Ratnam popote alipo. Nimetazama Nayakan ya mwaka 1987, ambayo mjukuu anamuuliza babu yake, mkuu wa wahalifu, kama yeye ni mtu mwema au mbaya, na babu, anayeigizwa na Kamal Haasan, anajibu kwamba hajui. Nimetazama Mouna Ragam, Thalapathi, Iruvar, zote. Wapo Watamili wanaolalamika kwamba picha zake zina giza na watu wake wanasema maneno machache mno. Mimi nampendea hayo mawili. Mgeni asiye na lugha hupata pa kukaa kwenye filamu zake, na mgonjwa wa Tanga alipata cha kufikiria kwa wiki nzima. Kila jioni mama alinidai nianze tena kwenye harusi. Mara ya tatu alinisahihisha nilipomruka baba mzazi.

Kannathil Muthamittal ilipata tuzo 6 za taifa za filamu, mojawapo ya yule mtoto mwigizaji na nyingine ya muziki wa A. R. Rahman. Nilimpelekea mama DVD yake mwaka 2006, aitazame kwa macho yake. Alitazama nusu akaizima. Alisema anaijua.

Mei 2009 nilikuwa kazini Dar es Salaam simu ikalia saa tatu asubuhi. Nilishtuka, maana mama hapigi saa hizo.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Umesikia redio? Wamesema vita ya Sri Lanka imekwisha."

"Nimesikia."

Akanyamaza. Nilisikia kuku wa jirani kwenye simu, na pumzi zake.

"Wamesema wengi wamekufa," akasema. "Wale waliokuwa msituni. Hawakutaja majina."